Jumapili hii hatukuiuza

Watu wakiniuliza ni kitu gani kilinisumbua kuzoea huku Ujerumani wanategemea nitasema baridi, au lugha, mimi nawajibu Jumapili. Baridi unavaa koti maisha yanaendelea, lugha unakaa darasani inaingia taratibu, lakini Jumapili ya huku hakuna aliyenisimulia kabla sijaja. Maduka yanafungwa yote, supamaketi, ya nguo, ya vifaa vya ujenzi, na mtaa unatulia kabisa. Kutoboa ukuta hairuhusiwi, kukata majani kwa mashine hairuhusiwi, hata zile chupa za glasi huruhusiwi kwenda kuzitupa kwenye mapipa yake ya mtaani maana zikidondoka zinapiga kelele. Pale chini kwenye ngazi za jengo letu pamebandikwa karatasi ya sheria za nyumba, usiku kuanzia saa 4 mpaka saa 12 asubuhi kimya, na Jumapili kimya kutwa nzima.

Mimi nimekulia Mbagala. Jumapili ya Mbagala ina spika ya kanisa, ina mziki wa jirani ambaye kashaamua mtaa mzima utasikiliza anachopenda yeye, ina muuza samaki anapita anaita, ina shangazi anaingia na watoto watatu bila kupiga simu na chakula kinaongezwa hivyohivyo mpaka kinatosha. Kwahiyo miezi ile ya mwanzo hapa Hamburg nilikuwa nafungua dirisha Jumapili asubuhi nasikiliza, nasikia ndege tu, nafunga. Watoto wanauliza tunaenda wapi, hatuendi popote maana hatumjui mtu. Iliniuma kweli, na kuna kipindi nilikuwa naona bora niwe kazini kuliko kukaa ndani nawaangalia wanangu wamepooza.

Na hii kitu siyo mazoea tu, imo kwenye katiba yao. Tuliisoma kwenye darasa la lugha. Kifungu cha 139 cha katiba ya mwaka 1919 kilisema Jumapili na sikukuu zitalindwa kisheria ziwe siku za kupumzika kazi na kuinua roho, na walipoandika katiba ya sasa mwaka 1949 wakakichukua kilekile wakakiingiza ndani. Na hawataniani, jimbo la Berlin lilipitisha sheria maduka yafunguliwe Jumapili zote nne za kabla ya Krismasi, makanisa yakapeleka kesi mahakama ya katiba, na mwaka 2009 mahakama ikasema haiwezekani, mmeizidisha. Mwalimu alivyotusimulia hiyo nilikaa nawaza, yaani huku kuna watu wamesimama mahakamani kupigania watu wengine wapumzike, mimi nilikozoea mtu anayepumzika anaulizwa kama anaumwa.

Sasa katiba inasema hivyo lakini wazee hawaachi kula Jumapili wala kuhitaji kugeuzwa kitandani. Mimi ni muuguzi kwenye nyumba ya wazee, na sheria imetutoa sisi, hospitali, zimamoto, madereva wa mabasi, wote tunafanya kazi. Ratiba yangu ni wikiendi moja kazini wikiendi moja nyumbani. Baba watoto yuko ghalani upande wa bandarini na yeye ana zamu zake zinazozunguka, kwahiyo ile wikiendi ambayo wote wawili tuko nyumbani siku zote mbili haiji mara kwa mara, ikija inabidi uishike vizuri.

Hii iliyopita ilikuwa mojawapo. Na Ijumaa jioni, nishavua viatu, simu ya kazini ikaita. Mwenzetu mmoja anaumwa, Jumapili asubuhi hakuna mtu, naweza kuingia? Waliofanya hii kazi wanaijua hiyo simu. Wanaomba vizuri, na wewe unawajua wale wazee kwa majina, unajua nani anakula taratibu na nani haogi mpaka umwimbie, ukisema hapana unawaona kichwani. Halafu kuna hela. Zamu ya Jumapili ina nyongeza juu ya mshahara wa kawaida na ile nyongeza serikali haiikati kodi mradi isizidi asilimia 50, kwahiyo inaingia yote mkononi. Ndugu zangu wa nje mnajua hesabu inavyopigwa hapo. Zamu moja ya Jumapili mimi siioni kama euro, naiona kama bati za nyumba ya mama, au nusu ya ada ya mdogo wangu chuoni. Toka tumefika tumeuza Jumapili nyingi kwa hesabu hiyo na siilaumu hesabu yenyewe, imemsomesha mtu, imechimba kisima. Lakini safari hii nilimwangalia mwanangu wa kiume, ana miaka mitano, alikuwa amesimama mlangoni kwa jikoni ananisikiliza nikiongea Kijerumani kwenye simu na uso wake ulikuwa unajua kabisa kinachofuata. Nikasema samahani, siwezi. Kisheria siku yangu ya mapumziko ni yangu na bosi hakunibishia, aliniambia pumzika vizuri akaendelea kumtafuta mwingine.

Niseme tu ukweli, baada ya kukata simu sikupata raha papo hapo. Ilichukua muda.

Jumamosi huku haina mapumziko, ni siku ya mbio, maana ukisahau chumvi leo kesho huna pa kuinunua labda uende stesheni kuu. Tuligawana, baba watoto akaenda Steindamm pale karibu na stesheni, kuna maduka ya Waturuki, Waafghani, Wairani na ya Kiafrika, akatuletea unga wa mahindi, mihogo ya kugandishwa na hiliki, mimi nikaenda supamaketi na watoto. Kwao supamaketi ni mashine ya chupa. Wiki nzima wanakusanya chupa za plastiki na makopo kwenye mfuko nyuma ya mlango, kila moja ina senti 25 ulizolipa wakati unanunua na unarudishiwa ukiirudisha. Mdogo hafikii lile tundu vizuri, inabidi anyanyuke kwa vidole, anaingiza chupa kitako kwanza, mashine inaivuta inaizungusha pole pole inatafuta alama, akiona imekubali anashusha pumzi halafu unasikia huko ndani inapondwa, krrrch, hapo ndo anacheka. Zile chupa nyingine za glasi zina senti 8 tu, anaziweka mwisho. Dada yake anabonyeza kitufe cha risiti na risiti ndiyo mshahara wao, wanagawana kwa haki kabisa, nawaangalia tu. Foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu na mzee mmoja alikuwa na magunia mawili ya chupa, akamwachia mtoto amalize bila haraka.

Usiku ule saa zilibadilika. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa 10 saa 9 usiku inarudishwa kuwa saa 8, simu zinajibadilisha zenyewe, saa ya ukutani unaibadilisha mwenyewe. Majira ya joto tunapishana na nyumbani saa moja tu, kuanzia usiku huo tunapishana saa mbili mpaka Jumapili ya mwisho ya mwezi wa 3. Bunge la Ulaya lilipiga kura mwaka 2019 huu mchezo uishe na mpaka leo haujaisha. Mimi kwa usiku huo mmoja nashukuru, saa nzima ya bure kitandani, na bahati nzuri watoto hawakuamka.

Asubuhi baba watoto na binti yetu walishuka kwenda kwa mwoka mikate, hao wanaruhusiwa kufungua masaa machache Jumapili na mtaa mzima unakutana pale kwenye foleni. Ndo sehemu pekee ambayo majirani wanaongea. Yule mzee wa ghorofa ya chini yetu, ambaye tulipohamia alikuja kutueleza kwa upole sana habari za kimya, siku hizi anamsimulia binti yangu habari za paka wake kwenye foleni ya mikate. Wakarudi na mikate midogo ya moto na Franzbrötchen, kile kimkate cha mdalasini na siagi cha hapa Hamburg, kimekandamizwa katikati, sukari imeyeyuka pembeni imekuwa ngumu. Tukala tukiwa bado na nguo za kulalia. Hakuna aliyesema haraka. Nimekaa nakumbuka ni lini mara ya mwisho nimekaa mezani na wote watatu mpaka chai ikapoa, sikumbuki, maana siku za kazi mmoja wetu yuko njiani kila wakati.

Saa 5 hivi tukatoka. Binti alitaka twende HafenCity kwenye ule uwanja unaoitwa Dar-es-Salaam-Platz, Hamburg na Dar ni miji dada toka mwaka 2010 kwahiyo kuna uwanja wenye jina la kwetu na yeye hachoki kupigwa picha na kile kibao, lakini kaka mtu alitaka pantoni na safari hii pantoni ikashinda. Inatoka Landungsbrücken, namba 62, inashuka na mto Elbe mpaka Finkenwerder. Siyo meli ya watalii, ni usafiri wa kawaida wa mji, tiketi ya basi inatosha, mdogo hajafika miaka sita anapanda bure na wanafunzi wa Hamburg toka mwezi wa 9 mwaka 2024 wanapewa tiketi ya mwezi bure, kwahiyo familia nzima tunatembea mtoni bila kutoa hela ya ziada. Tulipanda juu nje upepo unakata masikio. Mtu wa Dar akipanda pantoni lazima aseme habari za Kigamboni, baba watoto alizisema zote, na watoto wanazijua ila wanamwachia aseme.

Tukashuka Övelgönne, kuna ufukwe pale, mchanga kabisa. Mto huu una maji kupwa na maji kujaa japo bahari iko kama kilomita 100 huko chini, na siku hiyo yalikuwa yamekupwa, mchanga mpana umelowa, watoto wakavua viatu hivyohivyo na baridi yake nikawaacha. Ng'ambo ya pili ni bandari. Na bandari haijui Jumapili, winchi zinanyanyua makontena kama kawaida, meli ndefu kama mtaa mzima imeegeshwa. Baba watoto alisimama anaangalia kwa muda. Akaniambia hao wako wangapi leo hawajakula na watoto wao. Yeye mwenyewe anakuwa upande ule Jumapili nyingine na sisi tunakuwa huku, na sikuwahi kufikiria kwamba akiwa kule anaangalia huku.

Mbele kidogo kuna jiwe kubwa ajabu limekaa pale kando ya maji, wanaliita Der Alte Schwede, yaani Msweden Mzee. Lina tani 217. Walilikuta mwaka 1999 wakati wanachimba mto uwe na kina cha meli kubwa, na wataalamu walivyolipima wakasema limetoka kusini mwa Sweden, lililetwa na barafu zamani hizo ambapo barafu ilifunika nchi zote hizi, ikalisukuma mpaka hapa ikayeyuka ikaliacha. Mdogo akalipapasa akauliza kwahiyo na lenyewe siyo la hapa? Dada yake akamjibu sasa hivi ni la hapa, halafu akapanda juu. Sikuongeza neno.

Tulirudi nyumbani kabla ya saa 9 maana saa 9 huwa tunampigia mama. Niliweka maji ya moto kwa ajili ya chapati, unga wa ngano wa huku unauzwa kwa namba, mimi nimezoea wa 550, ule wa 405 kwangu haunipi chapati zenye kuchambuka, wengine watabisha sawa tu. Simu nikaiegemeza kwenye kopo la sukari, video ikafunguka, mama yuko nje kibarazani kwake na nyuma yake mziki wa jirani uleule.

"Shikamoo bibi," wakasema wote wawili.

"Marahaba wajukuu zangu. Mbona leo mmechelewa, nimekaa na simu toka saa 10, nikasema hawa wamepatwa na nini."

Nikamweleza saa ya huku imerudishwa nyuma, saa 9 yetu sasa ni saa 11 yake.

"Nani kairudisha?"

"Serikali, mama. Kila mwaka."

Akanyamaza kidogo. "Haya. Mradi mko wazima. Na huko kwenu mbona kimya hivyo, hao watoto wanaumwa?"

Kila Jumapili anauliza hilo swali, na kila Jumapili namwambia hawaumwi, huku ndo kulivyo. Safari hii sikujibu mimi, binti yangu alikuwa ameshika donge anakanda, akamwambia bibi tunapika chapati, akasogeza kamera. Basi hapo mama akawa jikoni kwangu. Huo unga bado mbichi, ongeza maji, siyo hayo, ya moto, mimina kidogo, haya kanda, kanda kwa kiganja usikande kwa vidole, unamchezea nani. Binti anacheka huku anakanda na jasho linamtoka. Sogeza kamera nione. Bado. Tena. Alimkandisha mpaka donge likawa laini ukilibonyeza linarudi, ndo akaruhusu mafuta yapakwe. Halafu wakaja kwenye kuzungusha na kukata, mdogo akapewa la kwake akatoa kitu chenye umbo la viatu na bibi akasema hiyo ndiyo atakayokula yeye akija. Kiswahili chote nachohangaika kukipandikiza wiki nzima kwa kugombana, nijibu kwa Kiswahili, sema tena kwa Kiswahili, kilikuwa kinatoka chenyewe mdomoni kwao kwasababu bibi hajui lugha nyingine ya kufundishia chapati. Simu ilikaa hewani mpaka chapati ya mwisho ikatoka kikaangoni na bando la mama likawa linakaribia kuisha.

Hapo mwisho nikamwambia, nikasema mama, leo nilitakiwa kwenda kazini nikakataa. Sijui kwanini nilimwambia, nadhani kwasababu ya bati, nilitaka ajue.

"Watakufukuza?"

"Hapana, ni siku yangu."

"Basi," akasema. Akauliza vitunguu huku sasa hivi ni bei gani.

Nimeiwaza sana ile "basi" yake. Mimi nilikuwa nimejiandaa kujieleza, nimepanga na maneno, mvua za vuli zimeanza na chumba cha uani bado kinavuja naelewa, na yeye ndo anayelala kwenye nyumba yenyewe na hakulitaja hata hilo bati. Hela ataipata, itachelewa tu, nitafanya zamu zangu za kawaida nitaituma mwezi ujao. Lakini lile somo la chapati lisingefanyika. Ningekuwa kazini namlisha bibi wa mtu mwingine, kazi ambayo naipenda na naiheshimu, na pale kazini nawaona Jumapili, wakishakula mchana wanavaa vizuri wanakaa upande wa mlango. Kuna mmoja anavaa hereni toka asubuhi. Mwanae huwa anakuja, siyo kila wiki, akija wanakaa tu wanakunywa kahawa hawana hata mengi ya kuongea, na bibi yule siku hiyo anakula sahani yote. Nikiwaona huwa namwaza mama, na nawaza wanangu, kwamba mtu anayekuja kukaa na wewe Jumapili ukiwa mzee kuna mahali alijifunza kukaa.

Ndo maana siku hizi siichukii tena hii Jumapili yao. Kimya chake bado kizito siku nyingine, na ningelipa nauli ya mtu yeyote Mbagala aje kunipigia hodi bila taarifa. Lakini kwa watu kama sisi ambao kila saa yetu ina mtu anayeidai, huku mwajiri, kule nyumbani, siku ambayo hakuna cha kununua wala pa kukimbilia ni mali. Nawaambia na wenzangu wa kazini, akina dada wa Kenya na Ghana ambao wanachukua kila zamu inayotangazwa, najua mnajenga, jengeni, ila acheni hata moja kwa mwezi. Wengine wananielewa, mmoja aliniambia nasema hivyo kwasababu mume wangu ana kazi, na ana haki ya kusema hivyo, anawalea wanae mwenyewe. Kwake hesabu ni nyingine na sina jibu lake.

Jioni giza liliingia karibu saa 11, ndo hivyo tena mpaka mwezi wa 2. Tukatoa ratiba zetu mbili, yangu na ya baba watoto, tukaziweka mezani na kalenda ya friji, tukatafuta wikiendi ambazo wote wawili tuko huru mpaka Krismasi. Siyo nyingi. Tukazizungushia duara kwa peni nyekundu na binti akaomba aandike yeye, kwenye kila duara akaandika "akuna kazi", bila h, baba yake akataka kumsahihisha nikamwambia mwache. Simu ikiita tena Ijumaa kabla sijajibu naenda kwanza kwenye friji.